Kopo la Asali

Kopo lilikuwa la asali, la lita tano.
Nimelikosha mara tatu, bado sisimizi wanalikumbuka.
Nikatoboa kifuniko kwa bisibisi ya mlinzi,
nikaliweka dirishani, Kidato cha Pili B,
nikasema: andikeni, msitie majina,
nami sitatazama nani kainuka.

Wiki ya kwanza: sisimizi, na ganda la pipi.
Wiki ya pili, karatasi moja
iliyokunjwa ikawa ndogo kama punje ya mtama:
"Mwalimu, ni kweli mara ya kwanza haishiki?"

Haishiki. Neno la wapanda miche.
Hapa Urambo mtu hukisoma kitalu kama barua,
jani la chini, la kati, la juu,
daraja kwa daraja, kwa ncha ya kidole.
Lakini mwili wa binti ulipoanza kuhesabu siku zake
nyumba nzima ilisahau namba.

Na msimu wa kukausha, moto wa bani haulali.
Nani anaukesha? Watoto,
kwa zamu, gunia moja la kujifunika,
ukuta una joto kama ubavu wa ng'ombe.
Mzazi atapita saa tano usiku kuangalia kipimajoto.
Ataangalia kipimajoto tu.

Kalunde alikaa dawati la tatu, karibu na mlango.
Mwezi wa nne hakuja. Tukaambiwa malaria.
Mwezi wa saba malaria ile ilianza kupiga teke.

Kwenye mkutano wa wazazi alisimama Mzee Kapela,
baba yake Lubango, kofia mkononi:
"Mwalimu, huwezi kumwonyesha mtoto ufunguo
halafu ukamwambia asifungue."
Wakapiga makofi.
Nilikuwa na jibu refu, lenye takwimu. Likanipotea.
Nikasema: "Mzee, Lubango ulimfundisha moto wa bani.
Ulimfundisha ili alichome?"
Hakuna aliyepiga makofi.
Mama mmoja nyuma alikohoa, au alicheka.

Jumatatu nikachora ubaoni: mirija miwili, mfuko, njia.
Darasa likalipuka kama mvua ya kwanza juu ya bati,
kisha likatulia, likanakili.
Nesi Nyamizi akaja na mkoba wake,
akavitaja vitu kwa majina yake mchana kweupe,
kidonge, sindano, kijiti,
akamvalisha gunzi la mahindi kondomu.
Lubango akauliza kama gunzi lilikuwa linasikia baridi.
Nesi akacheka kuliko wote.

Tangu siku hiyo kopo likawa zito.
"Nikiruka kamba baada ya hapo, inatoka?"
"Maji ya majivu yanazuia?"
"Nikisema sitaki, na yeye ndiye anayeninunulia madaftari?"

Hilo la mwisho nililala nalo.
Nilikuwa nimeahidi kutotazama; niliutazama mwandiko.
Asubuhi nilimwita binti mmoja aje kunisaidia kubeba chaki,
na tulitembea polepole sana
na chaki zenyewe zilikuwa boksi moja.

Kisha, Ijumaa moja, karatasi isiyo ya daftari.
Stakabadhi ya tumbaku, mgongo wake,
penseli, herufi zimesimama kama nguzo:
"Mke wangu amezaa mara nane. Wa nane nusura aondoke naye.
Kile kijiti, mtu mzima anapewa?
Na mume akienda kuuliza, watamcheka?"
Upande wa pili mhuri wa chama, kilo, daraja,
na jina la mkulima limekwanguliwa kwa ukucha.

Nikalisoma mbele ya darasa, kama yote.
Nikajibu: anapewa.
Aende na mkewe, wasikilizwe wote wawili.
Hawatamcheka.
Zahanati inafunguliwa saa mbili.

Wengine walishaanza kufunga mabegi, njaa ya Ijumaa.
Lubango peke yake aliandika,
ulimi nje kidogo,
akapiga mstari chini ya saa mbili.