Nilivyonyoosha Magurudumu ya Tusekile

Kilikuja ndani ya boksi lenye mihuri ya bandari,
kitimwendo kisicho na breki, kisicho na mishikio ya kusukumia,
magurudumu yameinama: mabega yamesogeleana juu,
nyayo zimetanuka chini.
Mimi, fundi wa Mwanjelwa, miaka kumi na tisa ya rimu na spoki,
nikajua palepale: kimebondwa njiani.
Nikawasha gesi.
Usiku kucha, Juni ile, baridi ya Loleza ikining'ata vidole,
nikakinyoosha.
Bure. Sikudai hata ya mkaa.

Asubuhi akaja na kile cha zamani,
kizito kama kitanda cha wodini.
Akakitazama kipya. Kimya.
Kisha akacheka hadi mama wa viazi akaacha kumenya.
"Mwakyoma," akasema, "umekifanya cha kuendea kanisani."

Ndipo nikafundishwa kazi yangu mwenyewe:
kwamba kilichosimama wima hupinduka kikikata kona,
na kilichoinama hugeuka kama mwewe.
Nikakiinamisha upya kwa kipimapembe
cha mpwa wake wa darasa la saba.
Digrii kumi na nane. Bado nazikumbuka
kuliko namba ya simu ya mke wangu.

Uwanja ulikuwa nyuma ya klabu iliyokufa,
nyasi zimeota kwenye nyufa, wavu ni wa usipa,
ulitoka Matema, mvua ikinyesha unanuka ziwa.
Mipira imenyonyoka kama kuku anayeatamia.
Na mimi mwokota mipira, nina tumbo, nina miaka hamsini.

Ajali? Lori, mteremko wa Mlima Nyoka, miaka kumi na tano.
Yeye husimulia kwa sentensi hiyohiyo,
kisha huuliza kama chai ipo.

Watu wakaja kutazama, wakaona mpira unadunda mara mbili
ndipo anaupiga.
"Kumbe wamemhurumia," akasema mmoja, mwenye koti.
Akamjibu bila kugeuka:
"Wa kwanza ni mdundo wa mpira.
Wa pili ni wangu."
Kisha akaupeleka kwenye kona ambako yule mwenye koti,
na miguu yake yote miwili, asingefika.

Nairobi alifungwa sita bila, sita bila.
Alirudi viganja vimechunika, akalala siku mbili.
Siku ya tatu nikasikia mlio: pa, pa, pa,
ukuta wa stoo ya mahindi, kabla ya adhana.
Mwaka uliofuata, Nairobi tena, akarudi na kombe.
Mama yake akahifadhia mbegu za maharage.
La Tunis likawa kubwa zaidi:
likabeba debe zima.

Siku ya pongezi, jukwaa lilikuwa na ngazi saba.
Mabwana wanne wakakunja mikono ya mashati, tayari kumbeba.
"Leteni kipaza sauti huku chini," akasema.
Nao wakashuka, mmoja mmoja,
wameshika suruali zisiguse tope.

Miaka kumi na mmoja bingwa.
Halafu bega la kulia likaanza kulia
kama beringi iliyokauka.
Mimi nina grisi ya beringi.
Ya bega sina.
Akaniachia raketi moja, nimeitundika juu ya pampu;
wateja huniuliza kama inauzwa.

Jumanne iliyopita amekuja na mtoto, Gwakisa, wa Chimala,
ana miaka tisa na mdomo mrefu kuliko yeye.
Kiti chake nimekiunga kwa mabomba ya baiskeli mbili.
Kakizunguka kwa macho, kaniangalia kwa masikitiko
kama mtu anayemwonea aibu mzee:
"Fundi, mbona umekipinda?"

Tusekile akaangalia pembeni, mabega yakimtikisika.

Nikafuta mikono kwenye ovaroli.
Kaa, nikamwambia.
Zungusha.