Mgeni wa Chini ya Boneti

Bwana Zollikofer alikuja Vercelli kutoka Zurich
na tochi, kioo cha daktari wa meno, kitambaa cheupe.
Hakuitazama rangi, wala viti vya ngozi
ambavyo mama alivipaka mafuta kila Jumamosi ya Pasaka.
Alipiga magoti kwenye saruji ya gereji
kama mtu aliyedondosha pete,
akasoma namba ya chasisi kwa sauti ya chini,
akasoma namba ya injini,
akanyamaza.

Hazilingani, alisema,
akifuta kidole kimoja kimoja.
Zingelingana ningelipa mara mbili.

Nilijua. Nyumba nzima ilijua.
Februari ya sabini na moja, mlima wa Maddalena,
baba akishindana na ukungu na ujana wake,
injini ikakauka mafuta, ikakaza, ikazima.
Alinunua nyingine Asti, ya gari lililopinduka,
la muuza kofia.
Ile ya kwanza akampa Gaudenzio, mkulima wa mpunga,
kwa magunia mawili ya mchele.

Ya muuza kofia ndiyo iliyompeleka mama kujifungua
usiku ambao taa nyekundu zote zilikuwa kijani kwa baba.
Ilikuwa na kikohozi kwenye gia ya tatu.
Mbwa alikijua tangu daraja la Sesia,
akaamka, akanyoosha mgongo, akaenda mlangoni,
na mama akawasha jiko.
Kuzaa si kazi, kazi ni kulea:
lakini hilo katika vyeti vya Zurich halina safu yake.

Ivano fundi alinivuta pembeni.
Ninayo mihuri ya chuma, sifuri hadi tisa, ya miaka ile ile.
Usiku mmoja, Ornella. Nasaga hii, nagonga ile,
hata aliyeifyatua kiwandani ataapa.
Akanimwagia mkononi.
Ilikuwa mizito kuliko umbo lake; saba ilikuwa imelika pembe.
Nikawaza jiwe la kaburi la baba,
mtu akilisaga Evasio Barberis
ili achonge jina lenye bei.
Nikamrudishia, moja baada ya nyingine,
sita nikaisahau mfukoni. Ninayo bado.

Gaudenzio ana miaka themanini na tisa na buti hadi mapajani.
Alinionyesha kibanda cha mabati kando ya mfereji,
na humo, chini ya tope la misimu hamsini,
ile ya kwanza, imefungwa kwenye bomba,
ikinywesha mpunga.
Nilifuta kwa mkono wa sweta langu.
Namba yote ipo. Saba kwa saba.
Chukua, alisema. Lakini Aprili inakuja na maji hayasubiri.
Niletee nyingine.

Ivano alifanya kazi wiki tano bila kunitazama usoni.
Zollikofer alilipa mara mbili, kama alivyoahidi,
akaandika kwenye cheti: *asili kamili*.
Alipoiwasha ilitoa sauti safi, nyororo,
sauti ya mtu ambaye sijawahi kukutana naye.
Ikakunja kona ya kanisa ikaenda zake.
Mbwa wa sasa hakuinua hata sikio.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wetu alikaa zaidi ya miaka hamsini
kabla hatujampa lake.

Jana nilikwenda. Mashamba yamejaa, mbingu imelala chini,
yangeyange wanatembea juu ya mawingu.
Gaudenzio aliongeza mafuta kidogo,
na kutoka kwenye kile kibanda cha mabati
kikapanda kile kikohozi.

Niligeuka kabla sijafikiri.
Nikajikuta naitazama barabara,
nikisubiri taa.