Kiti cha Mtoto

Sligo, Novemba. Mvua inaandika kwenye vioo vya mahakama
mwandiko usiosomeka.
Sisi kumi na wawili wa juri, makoti yanachuruzika;
mimi wa saba, mwoka mikate, unga ungali kwenye kucha.

Kuhusu gari hakuna anayebisha.
Ni lake Attracta Kilbane, mpiga pasi wa hoteli.
Ufunguo aliutoa kwa mkono wake, jikoni, usiku wa Jumanne,
akampa Fintan, nduguye.
Kulipopambazuka posta ilikuwa imevunjwa
na karani mzee yuko sakafuni, taya limehama.

Alisaidia. Hilo tumelimaliza.
Je, alijua?

Mwendesha mashtaka anakitafuta kile kujua
kama apapasaye sindano kwenye zulia:
hataamini ameipata mpaka imchome.
Fintan alisema anakwenda wapi?
“Kununua rangi.”
Saa tano usiku?
Kimya.
Kimya si ushahidi, jaji anatuambia.
Tunaandika: kimya si ushahidi.

Tena anasema, akifuta miwani,
kutojua ni jambo moja, kufumba macho jambo jingine.
Afumbaye macho
kuna kitu alikwisha kukiona.

Ndipo akaapishwa jirani, Dympna Scanlon,
mwanamke wa sauti ndogo na mkoba mkubwa.
Alikuwa akitoa taka. Akamwona Attracta mvuani,
nusu mwili ndani ya gari, anapigana na mikanda,
anang’oa kiti cha mtoto.
Kilimchukua dakika kumi.
Akakibeba hadi ndani, kimelowa, amekikumbatia
kana kwamba mna mtu.

Kopo la rangi na kiti cha mtoto
haviwezi kupanda gari moja?

Mtoto alitapika Jumapili, wakili wake anajibu,
kiti kilinuka maziwa yaliyochacha.
Wanawake wawili wa juri wanaitikia kwa kichwa.
Hata mimi naisikia harufu ile.

Siku mbili tumefungiwa na birika la chai.
Mfugaji wa kondoo anashikilia:
“Angejua, asingempa gari.”
Binti wa duka la simu hapandishi hata sauti:
“Angekuwa hajui, angekiacha kiti.”

Mimi nawaza viatu.
Machi mwanangu alirudi na viatu vipya,
vya bei ya mshahara wangu wa wiki tatu,
naye hana kazi.
Nilikuwa nakanda. Nikasema, vinakupendeza.
Kisha nikaviondoa pale mlangoni, wapitapo wageni,
nikavisukuma chini ya ngazi,
nikarudi kwenye donge langu.
Hakuna aliyeniona. Dympna hakai mtaa wetu.

Kiongozi wetu anahesabu mikono.
Wangu ulipanda, mzito, mweupe kwenye mikunjo.
Wakaniuliza ni ushahidi gani ulionigeuza.
Nikasema, kile kiti.