Herufi Moja

Miaka kumi na tisa nimepiga taipu miswada ya filamu
katika chumba cha nyuma, studio ya Tbilisi,
dirisha likitazama ua wa kuanikia mazulia.
Nakala nne kila ukurasa, kaboni tatu,
vidole vyeusi hadi Jumapili.
Penye kamera sijakanyaga hata siku moja.

Lakini filamu ikitoka nanunua tiketi yangu,
safu ya mwisho, nakala ya nne mkobani,
ile hafifu asiyeitaka mtu,
na tochi ya marehemu Guram
aliyokuwa akisomea mita za umeme.
Nafuata kwa kidole.

Karatasi inasema theluji.
Skrini inasema tope. Pesa ziliisha, bila shaka.
Karatasi inasema anamwambia kwamba anampenda,
mistari kumi na miwili, nilichoka kuipiga;
kwenye skrini yule msichana anamenya komamanga tu,
anampa nusu,
na mistari yote kumi na miwili imo mle, punje kwa punje.
Siku hiyo nilizima tochi.

Na mbwa je? Mbwa mwenye sikio moja
aliyekatiza mbele ya msafara wa harusi
hayumo ukurasa wowote. Nimetafuta.
Alijileta mwenyewe, akapita, akabaki.

Sasa nikwambie lile la mlango.

Mswada wa Otia Kekelia, mwandiko wa miguu ya kuku.
NDANI. JIKONI. ALFAJIRI.
Mwana karudi kutoka gerezani, yuko ngazini.
Mlango umeegeshwa.
Mama anafungua mlango.
Ndivyo alivyoandika. Mimi, saa nane za usiku,
jino likinipwita,
niliruka herufi moja, u nyembamba kama uzi:
Mama anafunga mlango.

Hakuna aliyeuliza. Mwongozaji alipiga picha hivyo hivyo,
mwigizaji akausukuma polepole, kwa kiganja,
komeo likalia to,
na watu mia tatu wakasahau kupumua.
Gazeti likaandika juu ya ujasiri.
Otia akavishwa medali kwa mlango ule.
Usiku wa kwanza alikaa safu mbili mbele yangu;
nilimwona akigeuka, akitafuta kitu gizani,
kisha akakaa sawa, akapiga makofi na wenzake.
Hakuwahi kunijia. Sikuwahi kumwendea.
Ila tukipishana ukumbini alinivulia kofia
kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Karatasi ya mkono wake ninayo, kwenye boksi la viatu.
Usiku mwingine naitoa.
Mle herufi yangu haijaanguka.
Mlango unafunguka, mwana anavua viatu,
halafu neno moja: Wanakula.
Hakusema nini. Waandishi hawapiki.
Basi najaza mwenyewe: maharage mekundu,
giligilani nyingi, mkate wa jana uliopashwa moto,
na mama hamwulizi chochote,
hamwulizi, anamtazama tu mikono,
hadi ua lililochorwa kitakoni mwa bakuli
lianze kuonekana.