Mirathi ya Surua

Mikarafuu ya Kiuyu waligawana kaka zangu.
Mie nilipata cherehani mbovu, na surua:
siku kumi na moja gizani, kaniki dirishani,
bibi Kazija akinihesabia pumzi.

Leo nesi wa Micheweni, sindano mkononi,
kanambia damu haisahau.
Kila adui aliyewahi kuipigia hodi
inamjua kwa sura, kwa mwendo,
na usiku, kupitia kondo la nyuma,
inakunong'oneza:
huyu usimfungulie.

Basi pokea fungu langu, mwanangu,
kabla hujapata jina.
Halina hati, halina shahidi,
wala halidumu: ukianza kuota meno
litakuwa limeshayeyuka.

Hapo nitakufunga mbelekoni,
twende tukapange foleni kwa nesi yule yule
ukajitafutie lako.