Wati Ishirini

Nilianza kwa kupima ukuta.
Nikaugonga kwa kifundo cha kidole, nikasikiliza:
upande wa pili Bi Rauha Lehtovaara akakohoa
kana kwamba nimebisha hodi.
Basi nikajua, ukuta huu ni karatasi iliyopakwa rangi,
na ikifika saa nne usiku, hapa Tampere,
orofa zote nne za jengo letu huvaa soksi.

Ile ya zamani ninayo bado, chini, kwenye stoo ya baiskeli:
amplifaya ya valvu, kilo ishirini na nane,
hutaka kupashwa moto kwanza kama pasi,
na haisemi la maana
mpaka uipandishe hapo majirani wanapopiga simu polisi.
Mgongo wangu umeshaipa talaka.
Daktari alikuwa shahidi.

Jumamosi nikaenda dukani, theluji imekuwa tope,
glavu moja mfukoni, ya pili sijui.
Muuzaji, Eemeli, ana pete puani na subira ya mkunga.
Akanitua mbele kisanduku cheusi,
chepesi kuliko mfuko wa viazi.
"Hakina valvu hata moja," akasema. "Transista na hesabu tu.
Lakini humu mna amplifaya thelathini."
Nikacheka. Thelathini! Zimekaaje humo,
zimebebana mgongoni?

Akazungusha kitufe.
Hii safi, kijiko kikigusa kikombe.
Hii ina koo la mvuta sigara.
Hii inanguruma kama uwanja wa watu elfu kumi,
na dukani tuko wawili, na mzee mmoja
anayechagua mdomo wa filimbi.
Wahenga walionya: ukimwiga tembo utapasuka msamba.
Kisanduku kinaiga kundi zima la tembo
na mshono wake haujalegea.

Nikapita zote, ya kwanza hadi ya thelathini, nikarudi.
Kuna kitu nilikuwa natafuta. Sikumwambia Eemeli.

Kaka yangu Tuomo, mwaka sabini na nane,
alifungua redio ya marehemu babu
akaigeuza amplifaya, kwa waya na risasi ya kuchomelea,
ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo.
Ilivuma kama nyuki chunguni.
Na katikati ya wimbo, bila kualikwa,
ikamnasa mwanamke wa kituo cha teksi:
gari kumi na tisa, nenda stesheni, abiria ana mizigo.
Tuomo akamjibu kwa gitaa.
Tulicheka mpaka tukalala sakafuni.
Mwezi wa nne itakuwa miaka sita tangu tumzike.

"Ya thelathini na moja hakuna?" nikauliza.
"Kuna nafasi tupu," akasema. "Utengeneze yako, uihifadhi."

Hapo nikajifanya mtu mzima, nikapima.
Wati arobaini zilinikonyeza, nikazipa mgongo;
ishirini tu ni ugomvi na Bi Rauha.
Spika ya inchi nane, haya.
Euro mia moja sitini na tisa: matairi ya baiskeli yatasubiri.
Na tundu la hedifoni, hapo nyuma,
dogo kama kitovu cha mtoto.
Nilinunua tundu. Sanduku nilipewa nyongeza.

Sasa ni saa tano usiku.
Nimekaa ukingoni mwa kitanda, masikio yamefunikwa.
Nafasi tupu nimeijaza: mvumo kidogo,
sauti nyembamba nimezipunguza,
mkwaruzo wa spika iliyochanika.
Si yenyewe. Ni kama kumwona mtu kwa mgongo
katika umati, koti lile lile,
na unajua hawezi kuwa yeye.

Kauko mume wangu yuko mlangoni, mswaki mdomoni.
Yeye anasikia nyuzi kavu tu,
kuku akiparura majani.
Ananiuliza kitu. Naona midomo, naona povu.
Nimemwinulia kidole: ngoja.
Maana katikati ya wimbo nimeacha pengo,
pale pale, si refu,
la kumtosha mwanamke kusema
abiria ana mizigo.