Mwezi wa Tano

Unga ulimfika baba hadi kwenye nyusi.
Simu aliiegemeza kwenye mfuko wa sukari,
na ndani ya simu, kutoka Bari, mama alinong'ona
kwa kuwa bibi Assunta, anayemlea kwa mshahara,
alikuwa amelala chumba cha pili, na usingizi wake ni karatasi.

"Badri, usiupige huo unga. Ubembeleze."

Baba, fundi wa matrekta, mtu wa spana na grisi,
hajapata kumbembeleza hata paka.
Akakanda. Meza ikalia miguu yote minne.

Nje, mvua ya Guria, ile isiyojua kwao,
ilichapa majani ya chai ambayo hakuna tena wa kuyachuma,
na machenza yaliyosahauliwa juu ya michenza.
Tarehe sita Januari. Huko aliko mama
Krismasi imekwisha pita, taa zimerudishwa makasani;
huku kwetu ndiyo kwanza inapiga hodi.

Kila mtu wa nyumba ana mkate wake, ndiyo desturi:
mmoja wa baba, mmoja wangu, mmoja wa Gocha,
mmoja wa bibi Zhuzhuna, asiye na meno ila ana hamu.
Huliwa kabla ya nyama, kabla ya divai,
kabla wanaume hawajaanza hotuba zao.
Baba akakata madonge. Nikamhesabia: manne.
Akasimama.
Akakata la tano.
Hatukusema kitu. Simu ilikuwa imeanguka, inatazama dari.

Jibini ilikuja na basi kutoka kwa shangazi,
nyeupe, ikitoa jasho ndani ya kitambaa.
Nikaivunja kwa vidole. Gocha akamenya mayai,
akamenya akaonja, akamenya akaonja,
mpaka mayai kumi yakawa saba na nusu.
"Yakateni kwa urefu," sauti ikasema kwenye dari,
"kisha kunjeni, finyeni ukingo, msiache tundu.
Jibini ni kama siri: ikipata upenyo inahamia kwa jirani."

Ikatokea miezi mitano,
miezi miandamo, pembe mbili mbili, matumbo yamejaa.
Wa baba ulipinda kama bawaba.
Ule wa tano aliufinya, akaufumua, akaufinya tena,
mara tatu, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza.
Tukaipaka kiini cha yai kwa unyoya wa bata bukini
na jiko la kuni likaipokea.

Dirishani chichilaki, kijiti kilichokwanguliwa
mpaka kikaota ndevu nyeupe, kilitutazama.
Harufu ikapanda. Bibi Zhuzhuna akaamka bila kuitwa.
Chini ya kilima waimbaji wa usiku
walikuwa wamefika kwa akina Lomjaria; mbwa wakawaitikia.

"Nionyesheni," mama akasema. Nikaisogeza simu jikoni.
Kioo kikashika mvuke, hakuona chochote.
"Naona," akasema.
Kisha: "Jibini mliiloweka usiku kucha? Mliitoa chumvi?"

Baba akanitazama. Mimi nikamtazama Gocha.
Gocha akalitazama yai.

"Chumvi iko sawa," baba akasema, kinywa kimejaa,
machozi yanamlenga, mkono wa kushoto unapapasa gilasi.

Kule Bari kengele ndogo ikalia. Bibi Assunta ameamka.
"Wangu ufungeni kwa kitambaa," mama akasema haraka,
"msiwape waimbaji."
Na kabla ya kukata: "Haya, wapeni nusu."

Walifika kumi na mmoja, wamelowa chapachapa.
Baba akaupasua mwezi wa tano katikati.
Wakala, wakaomba maji,
wakaimba, wakaomba maji tena.

Nusu iliyobaki iko juu ya kabati, ndani ya kitambaa cha maua.
Kila asubuhi bibi Zhuzhuna anauliza kama haijaoza.

"Kwa chumvi ile?" anasema baba.
"Itamngoja."